Asta za Ludwika

19 Machi 1992

Leo imetimia miaka arobaini na sita, miezi tisa na siku kumi tangu treni ituondoe Jaworówka, kijiji chetu kilichobaki ng'ambo ya mpaka mpya baada ya vita. Hesabu hii huiandika kila mwaka ninapoanza kusia mbegu.

Nimesia maua ya asta katika masanduku manne na kuyapanga kwenye dirisha la jikoni. Mbegu ni za mama. Alizishona ndani ya bitana ya koti langu siku tulipoondoka; yeye mwenyewe alikataa kupanda treni, akafa kule mwaka wa pili. Nilizipanda hapa Silesia, nikavuna, nikazipanda tena, hadi leo. Hizi ni asta za mwaka mmoja: hukua, huchanua majani ya miti yanapoanza kupukutika, kisha hufa na mizizi yake. Mbegu ikikaa zaidi ya miaka miwili haioti, kwa hiyo sijapumzika hata mwaka mmoja. Nilitaka siku ya kurudi iwe mkononi mwangu, hai.

Jumapili Padri Wiktor alitangaza kwamba parokia itakodi basi. Tarehe 30 Oktoba litavuka mpaka hadi Jaworówka ili watu wawashe mishumaa ya Watakatifu Wote kwenye makaburi yao ya zamani. Nilikuwa wa kwanza kuandika jina.

Binti yangu Halina nilimwambia kwa simu.

"Baba, hii itakuwa Watakatifu Wote ya kwanza ya mama akiwa kaburini."

"Najua. Nitampandia maua kabla sijaondoka."

"Maua gani?"

"Yale aliyoyataka."

Mke wangu Ludwika alikufa Novemba iliyopita, hospitalini, akiwa na akili timamu. Siku mbili kabla ya kufa aliniambia: "Kaburini kwangu usiniletee hizo za kupanda kila mwaka. Niwekee zile zinazorudi zenyewe." Katika miaka arobaini na saba ya ndoa sikumbuki aliniomba nini kingine kwa sauti ile. Au pengine aliomba, na mimi ndiye sikumbuki.

28 Machi

Zimeota.

11 Aprili

Nimechora ramani ya bustani, kama kila mwaka. Asta za mwaka mmoja hazitaki kurudishwa kwenye udongo uleule kabla ya miaka sita. Kuna ugonjwa wa mnyauko unaobaki ardhini na kuwasubiri watoto wa mimea iliyotangulia. Bustani yangu ina matuta saba, nami nimeyazunguka kama farasi wa kinu. Mwaka huu ni zamu ya tuta la uani, kando ya ua wa mbao.

Hapo kando ya ua palikuwa na asta nyingine tulipofika, zile za kudumu, ambazo mizizi yake hulala ardhini majira ya baridi na kuchipua tena. Alizipanda mwanamke wa Kijerumani aliyefukuzwa kutoka nyumba hii kama sisi tulivyofukuzwa kutoka yetu. Jina lake tulilisoma kwenye vibandiko vya mitungi ya jamu: Hedwig. Mwaka wa kwanza, mwezi wa Oktoba, zilichanua bila ya mtu kuzigusa, ua mzima wa mbao ukawa zambarau. Ludwika alikuwa na mimba ya Halina. Alitoka na kikombe chake cha chai kila asubuhi akasimama pale mpaka chai ipoe.

Aprili iliyofuata nilizing'oa zote nikapanda viazi. Alisimama mlangoni, mikono ndani ya aproni.

"Zingekaa tu, Teofil. Hazikuombi kitu."

"Kabla hazijachanua tena tutakuwa tumeshaondoka," nilimjibu.

Sote tuliamini hivyo wakati ule. Watu waliacha masanduku yao bila kuyafungua wakingoja mpaka wa nchi urudishwe ulipokuwa. Kosa langu ni kwamba niliendelea kujibu vile wakati wengine walikuwa wamekwisha kupaka nyumba zao rangi. Alipotaka mche wa tufaha nilijibu vile. Alipotaka baraza iezekwe upya nilijibu vile. Baadaye hakutaka kitu, nami nikadhani ameridhika.

3 Mei

Nikiwa nayageuza masanduku yapate jua, Genowefa alinisemesha kutoka ng'ambo ya ua, akiniita kwa kazi niliyokwisha kuistaafu. Ni mjane, ni jirani yangu, ni mama wa ubatizo wa Halina. Tulikuja naye katika behewa moja, ng'ombe wake akiwa kati yetu.

"Mwalimu, unazihesabu tena? Unadhani zitatoroka?"

"Nahesabu nijue zimepungua ngapi."

"Ukizikodolea hivyo zitapungua. Hata mimi ukinikodolea hivyo nitanyauka."

"Wewe hujanyauka tangu vita, Bi Genowefa."

"Ni kwa sababu hukunitazama."

Alicheka peke yake. Nikamuuliza kama ameandika jina kwa safari.

"Mimi? Walikonifukuza bure, leo nirudi kwa nauli? Nikaone nini, kisima cha kwetu?"

Kisha akarudi kwenye mizinga yake. Ana mizinga kumi na mmoja ya nyuki nyuma ya ghala, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Upande ule sijakanyaga tangu mwaka 1953, nilipoumwa na nyuki wawili nikazinduka hospitalini.

Ni mwanamke mwema, lakini mdomo wake haufungwi. Ludwika alikuwa akienda kwake karibu kila siku, nami nilikuwa nikiwaza: wana nini cha kusemezana kila siku ya Mungu.

15 Mei

Siku ya Mtakatifu Zofia, tunayemwita Zofia wa Baridi. Baada yake jalidi, ule umande wa barafu unaoua miche, haiji tena, hivyo ndivyo kila mtu hapa anavyohesabu. Nimehamisha miche mia moja na ishirini.

6 Juni

Nimekwenda mjini sokoni nikanunua asta za kudumu, vyungu vitatu. Muuzaji akaniambia zitachanua mwishoni mwa Septemba na kuendelea mpaka theluji. Nimezipanda kwanza hapa bustanini zinenepe. Mwisho wa Oktoba nitazipeleka makaburini pamoja na udongo wake.

Ni mara ya kwanza napanda hapa kitu ambacho mwakani kitakuwa bado kipo. Nilipokuwa nikishindilia udongo niliona haya kidogo, kama mtu aliyefika kwenye karamu vyombo vinaoshwa.

21 Juni

Hakuna mvua.

2 Julai

Hakuna mvua. Nachota maji kisimani, ndoo ishirini asubuhi, ishirini jioni.

12 Julai

Mche mmoja umelala upande mmoja, majani ya kushoto manjano, ya kulia mabichi. Nimeung'oa. Chini ya shina palikuwa pameusi kama utambi. Ni mnyauko.

Nimeuchoma, pamoja na jirani zake wanne.

14 Julai

Imebaki themanini na tisa.

19 Julai

Sitini na mbili. Ramani yangu inasema tuta hili limepumzika miaka sita. Sijui kosa liko wapi. Pengine udongo wote wa bustani umeshaugua na mimi nimekuwa nikizunguka nao.

27 Julai

Thelathini na moja.

Halina amekuja na mumewe kwa siku moja. Alinikuta nimepiga magoti.

"Baba, mbona usinunue mbegu nyingine? Zimejaa dukani."

"Hizi ni za bibi yako."

"Bibi sikumjua. Mama nilimjua."

Hakulisema kwa ukali. Alikuwa akiniosha mikono kwa maji ya ndoo, kidole kwa kidole, kama anavyowaosha wagonjwa wake. Kila jibu lililonijia lilikuwa lile la zamani.

9 Agosti

Kumi na mbili. Joto kali. Miti ya barabarani imeanza kupukutisha kabla ya wakati.

20 Agosti

Asta za kudumu zimerefuka sana na kulegea. Nimezipunguza vichwa zote kwa mkasi, shina kwa shina, ili zitoe matawi na kushikana. Kazi safi. Angalau hizi zinanitii.

8 Septemba

Zimebaki nne za mama. Zimechanua leo: mbili zambarau, moja waridi, moja nyeupe. Mia moja na ishirini zimekuwa nne. Mwaka 1958, kwa mvua ya mawe, zilibaki tisa, nikadhani siwezi kushuka chini ya hapo.

Genowefa ameziangalia juu ya ua, na safari hii hakutania.

"Inatosha mbegu?"

"Inatosha kidogo."

"Wewe na hiyo kidogo yako," akasema, akaenda zake.

29 Septemba

Mtakatifu Mikaeli. Asta zote za kudumu kijijini zimechanua, hata zile za kando ya reli ambazo hazina mwenyewe. Zangu tatu ni za kijani kibichi, nene, nzuri, na hazina hata tumba moja.

1 Oktoba

Nilimwita Genowefa aje azione. Alizipitishia vidole, akageuza ncha za matawi.

"Mwalimu. Ulizikata vichwa lini?"

"Agosti, tarehe ishirini."

"Agosti." Akajifuta vidole kwenye sketi. "Mwisho wa kukata ni Juni. Baada ya hapo ukikata unakata maua yenyewe, yako ndani ya ncha. Hata mtoto anajua."

"Mimi sikujua."

"Ungejua wapi, wewe hujawahi kuwa nazo."

"Zitachanua kabla ya Watakatifu Wote?"

"Hazitachanua mwaka huu." Aliona uso wangu nadhani, maana akaongeza, taratibu zaidi: "Zitachanua mwakani. Hizi ndivyo zilivyo, zina mwakani."

Nilimwambia nilimwahidi Ludwika. Nilimwambia ninaondoka tarehe thelathini na nilitaka kuondoka nikiwa nimetimiza. 

"Jumapili asubuhi uje kwangu," akasema. "Mapema, nyuki wakiwa bado na baridi. Uvae koti."

4 Oktoba

Ninaandika haya mchana, baada ya misa ambayo sikuisikia.

Nilikwenda saa moja asubuhi. Kulikuwa na ukungu. Genowefa alinishika kiwiko akanipitisha kando ya ghala, mimi nikitembea kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na mizinga ilikuwa kimya isipokuwa mvumo mdogo ndani. Nyuma ya mzinga wa mwisho akaniachia.

Asta zilinifika kifuani. Zilianzia ukuta wa ghala mpaka mwisho wa ua, hatua kumi na tisa, nimezipima baadaye. Zambarau ileile. Umande ulikuwa umeziinamisha kidogo.

"Za nani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Za Ludwika."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipozitupa mtaroni. Jioni ile alikuja nazo kwenye aproni, tumbo lile la Halina mbele, nikamwambia ataanguka. Tukazipanda hapa kwa sababu mume wangu alizitaka kwa nyuki. Ndiyo chakula chao cha mwisho kabla ya baridi." Akavunja kijiti kikavu. "Na kwa sababu wewe hukuwa unakuja huku. Hilo la kuumwa lilitokea baadaye, lakini hata kabla ya hapo hukuwa unakuja."

Akanieleza kazi yenyewe. Kila Aprili Ludwika alifukua mashina, akayapasua kwa jembe, akatupa moyo wa katikati uliozeeka na kukauka, akapanda upya vichipukizi vya pembeni. Usipofanya hivyo shina hufa kuanzia ndani. Juni alizikata vichwa. Oktoba alikaa pale, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndoo ilikuwepo.

"Mlikuwa mnazungumza nini?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo kwanza.

"Mara nyingi hatukuzungumza. Alikuwa akifanya kazi, mimi na nyuki wangu. Ulidhani tunakuteta?"

"Ndiyo."

"Mara mojamoja tulikuteta."

Nikamuuliza mbona Ludwika hakuniambia.

"Mwanzoni aliogopa utazing'oa tena. Baadaye hakuogopa, alikuwa akingoja. Kila Aprili alisema, akiniita Genia: mwalimu akiamua kukaa nitazihamishia kwetu, zile za kwenye mwanga. Aliziwekea hata alama, uzi mwekundu." Genowefa hakuwa akinitazama. "Mwaka wa sabini hivi akaacha kufunga uzi."

"Na wewe mbona hukuniambia?"

"Ungesema nini, mwalimu?"

Nilisimama nikitafuta kitu ambacho ningesema mwaka 1950, au 1960, au 1970. Nilikipata kilekile kimoja. Ningesema kabla hazijachanua tena tutakuwa tumeshaondoka.

Jua likatoka ukunguni na nyuki wa kwanza akatua kwenye ubao wa mzinga. Genowefa akanishika tena kiwiko akanirudisha.

5 Oktoba

Nimefagia majani uani mpaka giza.

9 Oktoba

Nilikuwa mwalimu wa historia miaka thelathini na mitatu. Niliwafundisha watoto wa watu waliohamishwa jinsi watu wanavyohamishwa. Nimesoma vitabu vingi kuhusu uhamisho na katika vyote nilimtafuta mtu anayefanana na mimi. Sikumtafuta hata mara moja mtu anayefanana na mke wa mtu huyo.

Nilikuwa nikisema "sisi" tunangoja. Yeye alikuwa akingoja kitu kingine, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu, naye alichokingoja kilikuwa ndani ya uwezo wangu. Changu hakikuwa ndani ya uwezo wa mtu yeyote niliyemjua.

17 Oktoba

Jalidi ya kwanza. Asta nne za mama zimekuwa nyeusi. Nilikuwa nimeshavuna mbegu: zinaenea kwenye kijiko cha chai.

20 Oktoba

Nimesoma tena kijitabu cha magonjwa ya maua. Mnyauko husafiri pia ndani ya mbegu za mimea iliyosimama kwenye udongo mgonjwa, hata kama mmea wenyewe haukuonyesha dalili. Nilisoma mstari huo mara tatu, kisha nikaziweka mbegu ndani ya jiko.

Nilikuwa nimepanga kuzisia juu ya kaburi la mama Jaworówka, maana asta huweza kusiwa hata Novemba kabla ardhi haijaganda. Udongo wa kule ni safi. Sitampelekea ugonjwa.

Hazikutoa hata mlio.

24 Oktoba

Nilikwenda kwa Padri Wiktor kufuta jina langu. Alikuwa akila supu ya bitiruti, akaniwekea sahani bila kuniuliza.

"Mwalimu, jina lako ndilo la kwanza kwenye orodha. Afya?"

"Afya nzuri, padri."

"Basi ni nini? Masika yale ulinipigia simu mara tatu kuuliza kama choo kitakuwamo ndani ya basi."

"Nataka kuwa makaburini hapa siku hiyo."

"Ludwika angekuelewa ukienda. Alikuelewa kwa mambo makubwa zaidi."

Alisema kwa wema, na hakuna aliyenipiga hivyo mwaka huu. Nikamaliza supu.

Niliporudi Genowefa alikuwa langoni kwangu. Habari kijijini kwetu hazingoji mtu afike nyumbani.

"Kiti chako nani kakichukua?"

"Hakuna bado."

"Nipe mimi."

"Ulisema hutaki kwenda kuona kisima."

"Nilisema hivyo mbele yako. Ningesemaje, wewe ulivyokuwa unakwenda kama bwana harusi?" Akajifunga kitambaa upya. "Nataka kuona kama kipo. Nikikuta hakipo nitarudi nilale vizuri."

Nimemwomba awashe mshumaa kwa mama, awaulize wenyeji kaburi liko wapi, na akilikosa auwashe popote. Akakubali. Kisha akaniuliza kama ninataka asta zihamie kwangu sasa, zote, awaite watu wa kuzichimba.

Nilikuwa nimelifikiria hilo siku ishirini. Nikamwambia hapana. Ludwika alikuwa akizihifadhi kwa siku ambayo ingemfaa yeye, akiwa pale uani na chai yake. Kuzihamisha leo kungenifaa mimi tu. Zikae na nyuki. Nimeomba shina moja la kaburini, na ruhusa ya kuja Aprili kuyagawa mengine, maana tangu Ludwika augue hakuna aliyeyagusa.

"Na nyuki?"

"Nitakuja mapema."

"Nitakushonea kofia ya wavu," akasema. "Utafanana na bibi harusi. Nyuki wenyewe watacheka."

31 Oktoba

Basi limeondoka jana alfajiri. Halina amefika. Tumechimba shina asubuhi, yeye kwa jembe, mimi kwa mikono. Ni zito kuliko nilivyodhani. Katikati palikuwa patupu na pakavu, kama alivyosema Genowefa, na pembeni pote vichipukizi vidogo vyekundu vya mwakani vimeshatoka ardhini. Maua yamechoka lakini yapo.

Nilimweleza Halina kila kitu, tukiwa tumekaa chini. Hakushangaa. Alikuwa akijua tangu ana miaka sita. Mama yake alikuwa akimpeleka.

"Usifanye haya kwa kujiadhibu, baba. Mama ameshakufa, haoni."

"Najua haoni."

"Basi kwa nini?"

"Aliniomba."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua upande wake wa gunia, nami wangu.

1 Novemba

Watakatifu Wote. Mvua nyepesi asubuhi, baadaye anga nyeupe. Tulipanda asta upande wa kichwani. Mishumaa ilikuwa tayari inawaka kila mahali, na harufu ya nta na majani yaliyolowa ilitufuata mpaka langoni.

Watu walisimama kusalimia. Wazee wenzangu walishangaa kuniona, wakaniuliza mmoja baada ya mwingine kama naumwa, na Halina akawajibu kwamba siumwi. Mwisho alikuja fundi wa viatu, naye ni wa Jaworówka, miguu yake haimruhusu safari ndefu. Aliyatazama maua.

"Mazuri. Umeyatoa wapi?"

"Ya Ludwika."

"Padri anasema masika kutakuwa na basi lingine. Utakwenda hilo?"

Nikamwambia nina kazi Aprili. Alicheka, akidhani natania. Kisha akaona sitanii, akavua kofia, nadhani kwa ajili ya Ludwika, akaondoka akichechemea kati ya mishumaa.

Nimerudi nyumbani saa kumi. Ni miaka arobaini na saba, miezi minne na siku ishirini na tatu. Sitaihesabu tena. Sitarudi Jaworówka.